Racing Lagoon, gemu ya ligi ambayo spea zote ni za watu

Mtu yeyote aliyecheza PlayStation ya kwanza ukimtajia Square na mwaka 1999 atakutajia Final Fantasy VIII, ile ya CD nne na upanga wenye bunduki, na yuko sahihi maana ile ndo ilikuwa gemu yao kubwa mwaka ule. Ila miezi minne baadae, tarehe 10 Juni 1999, kampuni hiyohiyo ikatoa gemu nyingine, Japani tu, haikuvuka bahari. Inaitwa Racing Lagoon na wenyewe waliitangaza kama RPG ya kuendesha gari kwa spidi kali. Yani sio gemu ya magari yenye kahadithi pembeni, hapana, RPG kabisa, ile ya kuongea na watu, kuzurura kwenye ramani, kujijenga taratibu mpaka uwe tishio, sema badala ya upanga una gari, na badala ya mazimwi ya msituni una vijana wa mtaa wa pili wenye ndinga zao.

Nimekuwa nayo usiku usiku kwa muda sasa, watoto wakilala, na nimeshachoka kuwaelezea watu mmoja mmoja WhatsApp kwanini niendeshe gari lenye pikseli kubwa kama ngumi wakati kwenye PC nina gemu za kisasa, kwahiyo leo naandika mara moja niwe natuma linki tu.

Iko hivi. Wewe ni Sho Akasaki, kijana wa timu inaitwa Bay Lagoon Racing, mjini Yokohama. Kiongozi wenu ni Ikki Fujisawa, jamaa ana kitu kinamsumbua tangu mwanzo na unaona kabisa huyu mtu hatafuti ushindi tu, anatafuta jambo. Kila eneo la mji lina timu yake, kila timu ina sifa zake na majivuno yake, na usiku ukiingia unatoka na gari yako unazunguka mitaani. Unaona gari nyingine inapita, unaifuata nyuma, unaipigia taa. Ndo hivyo tu, hamna fomu ya kujaza wala menyu ya kuchagua mashindano, unampigia taa mwenzio, akikubali mnaweka ligi, yani mnakimbizana. Hapo ndipo RPG nyingine unakuwa unatembea porini ghafla skrini inazunguka unakutana na adui, hapa adui unamchagua mwenyewe na unaiona gari yake kabla hujaamua.

Na kuna sababu unataka kuiona gari yake kabla. Ukishinda, unachukua kipuri kimoja kutoka kwenye gari ya uliyemshinda. Kimoja, unachagua mwenyewe. Inaweza kuwa injini. Wewe fikiria hilo jambo vizuri, kijana ametoka kwao na gari nzima, mmekimbizana dakika mbili, anarudi kwao bila injini. (Anarudije ndo gemu haielezi, nadhani breakdown za Yokohama zilikuwa na biashara nzuri sana mwaka ule.) Na wewe ukipoteza, na wewe unachomolewa.

Hiki kitu kimoja ndo kinabeba gemu nzima na kwa maoni yangu ni wazo bora kuliko mengi yaliyokuja baadae kwenye gemu za gari. Watu wengi wa rika langu na walionifuata wanaikumbuka Need for Speed Most Wanted ya 2005, ile ukimshinda mtu wa Blacklist (orodha ya mabosi wa gemu) unachagua alama zilizofichwa, ukibahatika unaondoka na gari lake. Tulishangilia sana ile. Sasa hawa walikuwa na jambo linalofanana na hilo miaka sita nyuma, na lao halikuwa la mabosi kumi na tano tu, ni karibu kila ligi unayoweka mtaani. Alafu haikupi gari zima, inakupa kipande, na kipande ndo kinakulazimisha kufikiri.

Maana gereji ya hii gemu ni wazimu. Gari imegawanywa kwenye bodi, chesisi (lile fremu la chini), injini na vikorokoro vingine, na unachanganya unavyotaka. Unaweza kuchukua kigari kidogo cha milango miwili kile cha kwendea sokoni ukakipachika injini kubwa uliyoichomoa kwa mtu, ukaona kinachotokea barabarani. Chesisi ndo inaamua gari inavutwa na tairi za mbele, inasukumwa na za nyuma au injini imekaa katikati, kwahiyo ukibadilisha chesisi umebadilisha tabia ya gari yote, kona ulizokuwa unapita macho yamefumba sasa zinakutupa ukutani. Gran Turismo, ile gemu ya magari ya PlayStation, wakati huo ilikuwa inakufundisha gari kama ilivyotoka kiwandani, kila moja na jina lake na historia yake, na ilifanya vizuri mno sibishi. Racing Lagoon haina leseni ya kampuni yoyote, majina yote ya kubuni, ila bodi ukiangalia taa za nyuma nne za duara unajua kabisa hii ni Skyline, hata mtoto wa gereji ya Ilala anajua. Na kwa kuwa hawakuwa na kampuni ya kumuogopa, wakakuruhusu uvunje vunje kila kitu.

Matokeo yake ni kwamba baada ya saa kadhaa unakuwa na gari ambalo halina kitu cha dukani. Bodi ya fulani, injini ya fulani, breki za yule mwehu uliyempiga kule bandarini. Kwenye RPG za kawaida ukitazama silaha zako unaona namba tu, nguvu 45, ulinzi 30. Hapa mimi nikifungua gereji nakumbuka sura. Kuna injini nilimtolea jamaa ambaye alikuwa ananipiga kila nikikutana nae mpaka nikawa nikiona gari yake nageuza njia, siku nilipompata kwenye kona ya mwisho nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka chumbani kuja kuuliza kuna nini. Ile injini hata nikipata bora zaidi siitoi haraka. Hadithi ya gemu ina waandishi wake, lakini hii nyingine inajiandika yenyewe humo gereji.

Sasa tuje kwenye mji, hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Yokohama ya kwenye gemu ni Yokohama ya kweli, imebanwa tu ikafanywa ndogo. Kuna Honmoku, mtaa ambao baada ya vita Wamarekani waliuchukua wakajenga nyumba za wanajeshi wao na familia zao, wakaukalia mpaka 1982 ndo ukarudi kwa wenyewe. Kwahiyo pale vijana wa Kijapani walikua wanaangalia magari makubwa ya Kimarekani kupitia uzio, na miziki, na nguo, na huo ushamba na ujanja vikachanganyika vikazaa tabia za kipekee. Kuna mtaa wa Wachina. Kuna Minato Mirai, eneo jipya la maghorofa lenye Landmark Tower ya mita 296 iliyomalizika 1993. Na kuna Bay Bridge, daraja la mita 860 juu ya mlango wa bandari, lilifunguliwa Septemba 1989. Ng'ambo ya lile daraja kuna Daikoku, maegesho ya barabara kuu ambayo mpaka leo usiku watu wa magari wanakusanyika na polisi wanakuja kuwatawanya.

Hilo la 1989 liweke pembeni kidogo, maana hadithi yote ya gemu inazunguka kitu kilichotokea miaka kumi nyuma. Kulikuwa na mtu, kulikuwa na gari, kulikuwa na lejendi wa mwenye kasi kuliko wote Yokohama, kuna jambo likatokea, na watu wazima wanaojua hawasemi. Sho mwenyewe kumbukumbu zake za kipindi kile zina shimo. Sitamwaga zaidi ya hapo. Ila piga hesabu, gemu inatokea 1999, toa kumi.

Japani ya 1989 ilikuwa nini? Pesa. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni siku ya mwisho ya biashara mwaka huo, tarehe 29 Desemba, likipita pointi 38,900, alafu likaporomoka na likakaa chini miaka zaidi ya thelathini, hicho kiwango wamekuja kukipita 2024. Na mwaka huohuo wa 1989 angalia magari yaliyotoka: Skyline GT-R R32, Fairlady Z ya Z32, Mazda MX-5, na Toyota wakazindua Lexus LS. Mwaka mmoja! Wahandisi walikuwa na hela, wanatengeneza wanachotaka, mpaka viwanda vikakubaliana kimya kimya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280 ili wasigombane na serikali, na hilo nalo lilianza kipindi kilekile.

Sasa fika 1999. Hela imeisha, ajira za vijana ngumu, kampuni zinafunga, na wale madogo wa kwenye gemu wanaendesha nini? Wanaendesha mabaki ya 1989. Magari ya kaka zao na baba zao, mkono wa pili na wa tatu, wanachomoleana spea usiku kwa sababu hakuna mwenye hela ya kununua kipya. Na wanaishi chini ya lejendi ya mtu wa enzi ile ambaye hawawezi kumfikia wala kumsahau. Mimi nilipoliona hilo gemu ilibadilika kabisa. Nilikuwa nadhani kuchukuana spea ni mbinu tu ya gemu kumbe ndo hadithi yenyewe, kizazi kizima kinachojijenga kwa vilivyoachwa.

Na sisi je? Jamani, Yokohama sisi tunaijua bila kufika. Ni moja ya bandari ambazo gari zetu za mkononi zinapakiwa, yenyewe na Nagoya na Kobe na nyinginezo, zinakuja kushuka Dar na Mombasa. Kule gari ikitoka mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi na matengenezo yake yanakuwa mzigo kiasi kwamba mwenye gari anaona bora aiuze, inaenda mnadani, inapanda meli. Usukani uko kulia huko, huku pia kulia. Kwahiyo ile Mark II au Chaser uliyoiona Kinondoni imebandikwa kioo cheusi na ekzosi ya kuamsha mtaa, inawezekana kabisa ilishapita juu ya Bay Bridge usiku miaka ile ya tisini. Wale madogo walipokea mabaki, wakayatumia, wakatupasia. Mkono wa nne huo. Nikipita na gari kwenye Racing Lagoon chini ya lile daraja na naona meli zimepangwa bandarini najua kabisa shehena inaenda wapi, na hilo mchezaji wa Marekani hawezi kuliona hata umchoree.

Haya, sifa zimetosha, tuseme ukweli mwingine. Kuendesha kwenyewe kwenye hii gemu ni kubaya. Gari linaelea, ukigusa breki kwenye kona linaanza safari yake binafsi, na magari pinzani mengine yanakuwa kama yamefungwa reli. Barabara fupi, mbio zinaisha hujakaa vizuri. Mtu aliyezoea Gran Turismo atatupa pedi ndani ya nusu saa ya kwanza na sitamlaumu. Unazoea, ndio, unajifunza kwamba hapa breki unakanyaga mapema mno kuliko unavyodhani na usukani unaugusa kidogo kidogo, lakini haitakuja kuwa tamu, itakuwa inavumilika.

Na maandishi sasa. Wajapani wenyewe wanayacheka mpaka leo kwa upendo. Sho hawezi kufikiria jambo kwa njia ya kawaida, kila kitu kichwani kwake kinatoka kama shairi limekatwakatwa, nukta nukta nukta, mstari mmoja, nukta nukta tena, usiku, lami, moyo, taa. Natia chumvi kidogo tu, lakini ukimuuliza huyu dogo kama ameshakula atakujibu kimoyomoyo kuhusu upepo wa baharini na kasi inayomuita. Mwanzoni nilicheka sana. Baadae nikaacha kucheka, nikakumbuka madaftari yetu ya form three yalivyokuwa, mashairi ya mapenzi nyuma ya notisi za kemia, kila mtu anaongea kama anaenda vitani kumbe anaenda kununua vocha. Vijana wa umri ule ndo wanavyojisikia, na waandishi wa Square badala ya kuwacheka wakawaachia waongee hivyohivyo mwanzo mpaka mwisho bila aibu. Mimi naona ni ushujaa. Sehemu za mwisho hadithi inaruka bati kidogo, inataka kuwa kubwa kuliko ligi za mtaani na mimi nilikuwa sijachoka na ligi za mtaani, ila mpaka ufike huko umeshawapenda watu.

Muziki ni wa Noriko Matsueda, yule mama ambaye baadae pamoja na Takahito Eguchi walifanya The Bouncer na Final Fantasy X-2. Ni jazi jazi hivi imechanganywa na midundo ya kidijitali, kinanda, besi inatembea. Gemu za gari za wakati ule zilikuwa zinakupigia roki au tekno ya kukupandisha presha, hii inakupigia muziki wa baa saa nane usiku ambapo wahudumu wameshaanza kupandisha viti. Weka hedifoni. Spika za simu zitaua ile besi yote.

Kwanini hatukuwahi kuiona? Kwenye vibanda vya gemu vya Dar wakati ule tulikuwa na Tekken 3, Gran Turismo, Crash, na Winning Eleven, tena hiyo Winning Eleven mara nyingi ilikuwa ya Kijapani na tulikuwa tumekariri menyu zote, ukibonyeza chini mara kadhaa ni kubadilisha fomesheni, hakuna aliyejua kusoma herufi moja na hakuna aliyekosea. Kwahiyo Kijapani peke yake kisingetuzuia. Kilichozuia ni kwamba mpira unaweza kuucheza bila kusoma, lakini hii gemu nusu yake ni maneno. Ungeikuta kibandani ungejua tu kwamba kuna jamaa ana nywele nzuri na ana huzuni.

Aliyetuokoa ni jamaa anayejiita Hilltop, mtu wa kutafsiri gemu za PS1 zilizobaki Japani, ambaye mwaka 2021 alitoa tafsiri nzima ya Kiingereza, bure, miaka 22 baada ya gemu kutoka. Na kazi yake ukiisoma unaona amehangaika kulinda ile lugha ya Sho badala ya kuinyoosha. Unahitaji nakala ya CD yenyewe, unabandika tafsiri juu yake, unaifungua kwenye emyuleta, yani programu inayoigiza PlayStation, mimi natumia DuckStation kwenye PC na ipo ya Android pia. Laptop ya kawaida inatosha, PS1 haihitaji mashine ya kutisha. Ushauri mmoja tu, usiiongezee ukali wa picha mpaka mwisho, ukiisafisha sana zile taa za barabarani zinapoteza ule ukungu wake na mji unabaki maboksi.

Nasikia raha kwamba ladha hii haijafa kabisa. Mwaka huohuo 1999 kampuni ya Genki ilikuwa na Tokyo Xtreme Racer kwenye Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, nayo ni ya kupigiana taa usiku kwenye barabara kuu za Tokyo, na Januari 2025 wameirudisha upya kwenye Steam, duka la gemu za PC mtandaoni. Ile kuendesha kwake ni bora mara kumi. Ila ukimshinda mtu pale unapata hela na anakuachia njia, spea zake anabaki nazo, na mimi nimeshaharibika, kila nikimpita mtu najiuliza injini yake iko wapi mbona sijapewa.

Kwa sasa kwenye Lagoon nina kahechbeki kadogo kabaya kwa sura, bodi nyepesi, kana injini isiyokatosha na breki nilizomnyang'anya mtu ambaye nina uhakika bado ananitafuta. Kuna mmoja anazunguka usiku maeneo ya Honmoku ana chesisi ninayoitaka, ameshanichomolea vitu vyangu viwili. Leo nampigia taa tena.